Nondo za juu zilipokwenda chini: kisa cha balkoni ya Mwanga, Kigoma

Ufa ulijitokeza mahali ambapo fundi nondo yeyote angeutafuta kwanza: upande wa juu wa sakafu ya balkoni, sambamba na ukuta wa nyumba, kutoka pembe hii hadi ile. Ukitazama kwa chini huoni kitu. Mwenye nyumba, mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, aliukuta asubuhi, siku moja baada ya waashi kupandisha ukuta mfupi wa tofali kwenye ukingo. Ncha ya balkoni ilikuwa imeinama kama upana wa vidole viwili. Akasimamisha kazi, akaamuru mirunda, zile nguzo za miti za kushikilia zege kwa chini, irudishwe, kisha akampigia simu fundi nondo. Maneno yalikuwa machache: ile theluthi ya ujira iliyobaki, asahau.

Fundi akajibu kwamba siku anaondoka nondo zake zilikuwa sawa, na picha anazo kwenye simu. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu wa kisa ulipolala.

Mimi niliitwa kama mtu wa tatu. Nasimamia ujenzi, fundi nimeshafanya naye kazi, na mama ananiamini kwa sababu sikuwa na senti yangu kwenye jengo lake. Majina nayaacha, maana Kigoma ni mji ambao habari ikitoka Mwanga asubuhi, adhuhuri iko Ujiji.

Mchoro ulitaka nini

Jengo ni ghorofa moja juu ya fremu za maduka. Balkoni ina urefu wa mita 4 na inatoka nje ya ukuta mita 1.8, unene sentimita 15, bila nguzo chini yake. Piga hesabu: ni mita za ujazo 1.08 za zege, na kwa kilo 2,400 kila mita ya ujazo ni zaidi ya tani 2.5 zinazoning'inia kabla hujaweka ukuta, vigae, wala mtu mmoja wa kupunga upepo.

Kwenye mchoro, nondo zinazobeba mzigo huo zimeandikwa hivi: 21T12-03-200T1. Kijana anayetaka kuitwa fundi nondo, na si kibarua wa kufunga waya, lazima asome mstari huo bila kuuliza. Nondo 21, T ya kwanza ni chuma cha nguvu ya juu, zile zenye mikunjo ya kushika zege, kipenyo milimita 12, namba 03 ni aina ya kipande, kwa ajili ya orodha ya kukata na kukunja, umbali wa milimita 200 kati ya moja na nyingine, na T1 ya mwisho inasema zikae juu, safu ya kwanza kutoka juu. Hiyo T1 ndiyo kisa chote.

Zege ukilikandamiza linavumilia sana. Ukilivuta, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kukandamizwa, na kazi ya kuvutwa ndiyo anayopewa nondo. Slabu ya chumba, yaani sakafu ya zege inayokaa juu ya kuta pande zake, ikielemewa inaning'inia katikati na tumbo lake la chini ndilo linalovutwa, kwa hiyo nondo kuu zinalala chini. Balkoni ni kinyume. Inataka kuinama mbele, na mgongo wake, hasa pale inapoungana na ukuta, ndio unaovutwa. Nondo zake ziko juu au hazina maana.

Hapa hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nguvu ya balkoni kukataa kuinama inakwenda karibu sawasawa na kimo cha nondo kutoka uso wa chini wa zege. Slabu ya milimita 150, ukitoa milimita 20 za zege la kufunika na nusu ya kipenyo cha nondo, inakupa kimo cha 124. Nondo hiyo hiyo, chuma hicho hicho, idadi ile ile, ikishuka hadi kimo cha 50, umebakiwa na asilimia 40 ya nguvu uliyoinunua. Ikilala kabisa chini umenunua mapambo.

Nondo ya nane

Fundi mwenyewe ni mtu wa kazi. Alijifunzia Dar es Salaam kwenye maghorofa, akianza kwa kubeba nondo begani, akaja kwenye kukunja ringi, vile vyuma vya kuzungushia nondo za nguzo na bimu, akaishia kusoma michoro akiwa amekaa pembeni ya fundi mkongwe aliyekuwa hapendi kueleza. Hana cheti. Amekuwa akiulizia VETA Kigoma, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, habari za kupimwa na kutambuliwa ujuzi alioupata kazini, kwa sababu kampuni kubwa zinataka karatasi. Mkataba wa reli ya kisasa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na tangu hapo ameuweka mbele ya macho kama shabaha.

Nondo alizikata vizuri mno, na katika vizuri hivyo mkosi ukapata pa kuingilia. Kila kipande cha balkoni kilihitaji mita 4: sehemu ya nje, na sehemu nyingine ndefu zaidi kuingia ndani ya slabu ya chumba ili kuwe na kitu cha kuishikilia. Nondo inauzwa mita 12, kwa hiyo moja inatoa vipande vitatu bila kubaki kitu. Vipande 21, nondo 7. Kwa uzito wa kilo 0.888 kila mita, ni kama kilo 75 za chuma kwa balkoni nzima. Mama alifurahi, maana mafundi waliomtangulia walikuwa wakimwachia lundo la vipande vya nusu mita ambavyo havifai hata kuchomea nyama.

Ila nondo za juu hazielei hewani. Zinashikiliwa na viti: vipande vya nondo vilivyokunjwa miguu, vinavyosimama juu ya mbao za chini na kuinua wavu wa juu hadi zege likauke. Kwa kawaida fundi hutengeneza viti kwa mabaki ya milimita 12. Hapa mabaki hayakuwepo. Akaomba nondo ya nane. Mama, ambaye wakati huo alikuwa ameshapigiwa simu nyingi za "mama, kimepungua hiki", akamwambia: "Mwanangu, kila siku nondo moja, nondo moja, mwisho nitafungua duka la nondo." Watu wakacheka. Fundi akacheka pia, akaenda kuchukua mabaki ya milimita 8 yaliyotoka kwenye ringi, akatengeneza viti vichache, akavipanga safu moja, kama mita moja na nusu kutoka kiti hadi kiti.

Nimelipigia hesabu jambo hili mara kadhaa kwa sababu linaniudhi. Kwa balkoni ile mimi ningetaka safu mbili za viti, kila sentimita 80, yaani viti 12. Kiti kimoja hula kama sentimita 90 za nondo. Jumla mita 10.8. Nondo moja ya mita 12 ingevitoa vyote.

Picha zake, nilizozitazama kwa kuzikuza, zinaonyesha kazi safi: mistari imenyooka, nafasi ya milimita 200 haichezi, mafundo ya waya yamekazwa, biskuti za zege, vile vipande vidogo vya kuinua nondo zisiguse mbao, ziko chini ya nondo za chumba. Nondo za balkoni ziko juu kama zilivyoandikwa. Mtu asiyejua angesema hapa hapana neno. Anayejua angeviona vile viti vyembamba na kuuliza: zege linapandishwaje hapa?

Siku ya zege

Lilipandishwa kwa kapi na ndoo. Na kapi lilifungwa mbele ya balkoni, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na uwazi kuelekea barabarani ambako mashine ya kuchanganyia ilisimama. Kwa hiyo kila ndoo ya zege la jengo zima ilipokelewa balkoni, ikamwagwa balkoni, ikazolewa kwa beleshi na toroli kuingia ndani. Vibarua walishinda juu ya zile nondo tangu asubuhi hadi jioni. Hapakuwekwa mbao za kupitia.

Fundi nondo hakuwepo. Zege lilikuwa limeahirishwa kwa sababu mashine iliyokodiwa ilikawia kwenye kazi nyingine. Akasubiri, akaona siku zinakwenda bila malipo, akaitwa kwenye kazi ya makaravati upande wa Uvinza, akaenda. Alimpigia fundi mkuu akamwambia wasikanyage balkoni. Fundi mkuu anakiri kuambiwa. Lakini yeye siku hiyo alikuwa chini kwenye mashine, akigombana na wapimaji wa kokoto waliokuwa wanajaza ndoo kwa kukisia, na maneno yale hayakupanda ngazi.

Mirunda ikatolewa baada ya wiki mbili. Kwa slabu ya chumba kidogo chenye kuta pande zote, ni muda unaoweza kupita. Kwa balkoni inayoning'inia mimi hungoja siku 28, ambazo ndizo umri wa zege unaotumika kupimia nguvu yake, na mirunda huanza kutolewa kwenye ncha kurudi ukutani. Pale walianza ukutani kwa sababu ndiko kulikokuwa rahisi kufika. Balkoni ikasimama hata hivyo. Ilipowekewa ukuta wa tofali kwenye ukingo kabisa, mahali ambapo kila kilo ina nguvu kubwa ya kuinamisha, ikasema basi.

Mhandisi aliyeitwa na mama hakupoteza muda kwa maneno. Alichagua sehemu tatu kwenye mstari wa ufa, akaomba patindo na nyundo, zege likachongwa taratibu mpaka nondo ionekane, akaweka futi. Idadi sawa, kipenyo sawa, nafasi sawa. Kina kutoka juu: kati ya milimita 95 na 105 badala ya 26. Kwenye tundu moja kiti kilionekana, miguu imelala ubavu.

Kikao

Tulikaa ofisi ya mtaa. Mwenyekiti wetu ni mzee wa hapa hapa, na huwezi kumzuia asianze na Liemba, meli ya zamani ya Ziwa Tanganyika. Meli ilitoka Papenburg, Ujerumani, ikiwa vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa hapa Kigoma kwa ribiti, zile pini za chuma za kugongwa, ikaingizwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, 1924 Waingereza wakaitoa chini ya ziwa, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Chuma kimelala majini miaka minane," akasema, "na nyie zege la wiki mbili linapasuka?"

Ilikuwa njia ya kumpiga fundi kijembe, lakini kwangu ilitoa hoja ambayo mzee hakuikusudia. Ribiti iko nje. Unaigonga kwa nyundo, unaisikiliza, na hata kesho unaweza kurudi kuigonga tena. Nondo inafunikwa ndani ya saa chache, na baada ya hapo hakuna anayeiona mpaka ufa uitafute. Fundi nondo ni mmoja wa mafundi wachache ambao kazi yao inapotea machoni kabla haijaanza kufanya kazi. Kati ya fundo la mwisho la waya na zege kushika kuna siku moja ambayo kila alichokifanya kinaweza kuharibiwa na watu wasio na nia mbaya, wenye haraka tu.

Sasa angalia walivyoandikiana. Ujira wa mkupuo kwa kazi nzima ya kukata, kukunja na kufunga, ukilipwa mafungu matatu: la kuanza, la pili nguzo na mabimu yakiisha, la tatu "nondo za slabu zikishafungwa". Kwa maneno hayo kazi ya fundi ilikwisha kabla ya siku ya zege. Kusubiri mashine hakukuwa na malipo. Kusimama juu ya slabu siku nzima akifukuza vibarua, kuinua nondo zilizokanyagwa, kukunja kiti kipya, hakukuwa na malipo. Ukimlipa mtu kwa kufunga, atafunga. Wanaolipwa kwa tani wako vile vile, au pabaya zaidi, maana viti ni vyepesi na havina uzito kwenye hesabu ya tani.

Mama alikuwa na jibu lake, na si jepesi. "Mimi nimeuza dagaa, sijauza zege. Nimelipa mafundi ili wajue wao. Angeniambia kwamba bila hiyo nondo moja balkoni inaanguka, ningekataa?" Nadhani asingekataa. Fundi aliomba nondo kama anayeomba nauli. Hakueleza ni ya nini. Heshima kwa mama mtu mzima, na ile hofu ya kuonekana fundi wa kupunguza na kuongeza, vilimfunga mdomo. Hapo simtetei. Fundi anayesoma T1 anajua kitakachotokea T1 ikishuka, na kulisema hilo wazi ni sehemu ya ujuzi wake kama kukunja ringi.

Maoni yangu niliyoyatoa pale: sehemu kubwa ya kosa ni ya fundi mkuu. Yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka siku ya zege, aliambiwa, na uamuzi wa kufunga kapi mbele ya balkoni ulikuwa wake. Kapi lingeweza kuhamia kwenye uwazi wa ngazi nyuma ya nyumba. Lingechelewesha kazi, ila balkoni ingemwagwa mwisho, na mtu mmoja, akirudi kinyumenyume. Kutoa mirunda mapema ni lake pia. Sehemu ya pili ni ya fundi nondo: viti vya milimita 8, na kuondoka bila mtu wa kumkabidhi juu ya slabu. Simu si makabidhiano. Mama ana sehemu yake ndogo, na nilimwambia, kwa adabu, kwamba mapatano yake yalimruhusu fundi kuondoka.

Fundi mkuu hakuyapenda. Alisema kwamba kwa miaka yote balkoni zinakanyagwa na hazianguki. Ni kweli nyingi hazianguki: ni fupi, zimewekewa chuma kingi kuliko kinachohitajika, au wenyewe waliweka vyuma vyepesi badala ya ukuta wa tofali. Hii ilikuwa mita 1.8 na tofali kwenye ncha. Haikuwa na akiba ya kusamehe.

Tulivyoitengeneza

Wengine walitaka ibomolewe. Mhandisi akaona njia nyingine, na kwangu ndiyo sehemu tamu ya kisa hiki. Nguzo mbili zipandishwe chini ya ukingo wa nje, kila moja na msingi wake, na bimu juu yake kubeba ukingo. Balkoni ikishapata egemeo mbele haining'inii tena; inakuwa slabu fupi kati ya ukuta na bimu, na slabu ya namna hiyo inavutwa tumboni. Nondo zilizoshuka, ambazo kwa balkoni ya kuning'inia zilikuwa zimepoteza zaidi ya nusu ya nguvu, sasa ziko kina cha milimita 100 kutoka juu, mahali panapofaa kabisa kwa mzigo mpya. Makosa yaligeuka kuwa mchoro. Ufa wa juu ukafunguliwa, ukasafishwa na kuzibwa kabla ya mvua za Novemba, maana maji yakiingia pale yanaifikia nondo na kutu ikianza haina simile.

Malipo yakagawanywa hivi: mama akanunua nondo na kokoto, fundi mkuu akatoa saruji na vibarua, fundi nondo akasuka nguzo na bimu bila ujira. Theluthi yake akalipwa yote bimu lilipomwagwa. Mama akalalamika kwamba fremu moja ya duka sasa ina nguzo mlangoni. Ni kweli inayo.

Siku ya bimu fundi alikuwepo tangu kapi linafungwa, plaizi mkononi na roli la waya begani. Kibarua mmoja aliweka mguu juu ya ringi akaambiwa ashuke kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni. Kwa kazi alizochukua baada ya hapo ameongeza fungu la nne kwenye mapatano: siku ya zege analipwa kibarua cha siku nzima, awepo, na zege likiahirishwa kwa upande wa mwenye jengo, kurudi kwake ni nauli ya mwenye jengo. Wapo waliomkataa kwa sababu ya fungu hilo. Viti anaviandika kwenye orodha ya kukata pamoja na nondo nyingine, kwa namba yake, ili visionekane nyongeza.

Kabla mhandisi hajaondoka fundi alimwomba barua ya kuonyesha kazi yake, ya kuambatisha akienda VETA na kwenye kampuni za reli. Mhandisi akaandika alichokiona: idadi, kipenyo na nafasi za nondo ni kama mchoro, kina hakikuwa kama mchoro wakati wa ukaguzi. Fundi akamwomba aondoe sentensi ya mwisho. Mhandisi akakataa, ila akaongeza maneno "baada ya zege kumwagwa fundi akiwa hayupo". Wakabishana kidogo kama hayo yanamsaidia au yanamharibia. Barua akaichukua, na hadi naandika haya hajaamua kama ataitumia.